Beji Safi

Niseme mapema: mimi si mtu wa kubembeleza, na siku ile mbele ya kamati ya hospitali sikumbembeleza mtu. Nilitaka barua moja tu, ya kukiri kwamba shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ameipata saratani ya damu kazini, kwenye chumba cha eksirei. Kwa barua hiyo angepelekwa kutibiwa nje. Bila hiyo, daktari alishasema tuhesabu wiki.

Katika chumba hicho tulifanya kazi mimi na yeye miaka tisa. Mashine kongwe, inavuja mionzi, na hakuna asiyejua. Kila mmoja wetu alikuwa na beji ya kuvaa kifuani, ya kupima mionzi iliyompata, na kila mwisho wa mwezi zinapelekwa kusomwa. Ikisoma juu, mwenye beji anatolewa chumbani miezi mitatu. Sasa nani atapiga picha, na foleni imefika getini? Basi tukaziacha kwenye droo. Shemeji mwanzoni aliogopa. Nikamcheka, nikamwambia beji haimkingi mtu na chochote, kazi yake umbea tu. Kila mwezi zikarudi safi, na mimi, mkuu wa chumba, nikatia saini.

Mwenyekiti wa kamati alifungua faili akanionyesha. Miezi mia na nane, safi tupu.

Nikasema ukweli. Nikawaambia beji zilikuwa kwenye droo, na nikawapasha kidogo, maana habari za mashine walikuwa nazo. Hakuna aliyekasirika. Heri wangekasirika. Mwenyekiti alinimiminia maji, akaniuliza kwa upole:

"Mama, tuamini saini zako zote hizi, au maneno yako ya leo, na mgonjwa ni shemeji yako?"

Mimi niliyejaliwa mdomo nikanywa maji yao. Wakaandika kwamba haikuthibitika, na mashine wakaipitisha palepale iendelee na kazi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu. Alikuwa uani anafua mashuka, shemeji amelala ndani, dirisha wazi. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alishakuwa mtu mzima, alinitangulia kufika. Ningeweza kumtupia mwenyekiti lawama zote, na mdogo wangu angeniamini. Nikamweleza kila kitu, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mumewe kuiacha beji.

Hakulia. Alikamua shuka, akalianika, akalinyoosha pembe moja moja. Shemeji akaita kutoka ndani, sauti imekwisha:

"Usimlaumu dada yako. Sikuwa mtoto."

Mdogo wangu hakugeuka. Alichukua shuka jingine kwenye beseni.

"Dada," akasema, "siku yake ikifika, msibani usije."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, na mumewe aliyasikia.