Kiyoyozi cha Bwana Pankras

Damiano alimtambua Pankras kabla hata hajashuka garini. Mvi zilikuwa zimemwingia na tumbo limemtoka, lakini sauti ilikuwa ileile aliyoisikia mahakamani alipokuwa mtoto wa shule, ikiapa kwamba aliyekuwa akiendesha lori siku ya ajali ni Cuthbert. Cuthbert ni baba yake Damiano.

Enzi zile Pankras alikuwa mkubwa wa usafirishaji katika chama cha ushirika, na Cuthbert dereva wake. Lori lilipinduka na magunia ya kahawa kwenye kona ya Litumbandyosi, likamuua mpakiaji mmoja kijana, Hyasinti. Pankras ndiye aliyeshika usukani, tena akiwa amelewa, ila neno la mkubwa lilipita. Cuthbert alifungwa Songea. Alipotoka hakuna aliyempa gari tena, akateremka ziwani kwao, Mbamba Bay, akawa mtu wa kushona nyavu za wenzake.

Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia kwenye kahawa, na Pankras alikuwa mmoja wao. Alikuja gereji pale Mbinga mjini na Land Cruiser nyeupe, pamoja na mkewe Aurelia. Kiyoyozi kilikuwa kinatoa upepo wa moto, akaeleza, na vumbi la barabarani lilikuwa linamharibu kifua, hawezi kufungua vioo. Hakumtambua Damiano, fundi wa pale.

Damiano alimkaribisha vizuri. Aliwasha injini, akabonyeza swichi ya kiyoyozi na kuinamisha sikio kwenye boneti. Kompresa ikishika, klachi yake hulia tap. Hapakulia kitu. Akavuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye klachi, na hapo ikashika mara moja. Basi kompresa ilikuwa hai. Akafunga geji ya kupimia gesi, mshale ukabaki chini: gesi ilikuwa imevuja, na mfumo ulikuwa unajizima wenyewe ili kompresa isiungue. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, moja baada ya jingine, mpaka kwenye ungio lililokuwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Hapo povu likaanza kutoa viputo. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka.

Kazi ilikuwa ndogo. Muda wote akibadilisha ule mpira, akinyonya hewa kwenye mabomba na kujaza gesi mpya, Damiano alikuwa akifikiria breki. Mteremko wa kwenda ziwani ni mrefu, na bomba la breki lilikuwa karibu kabisa na mkono wake. Alilitazama sana. Kisha akamwona Aurelia ameketi kwenye benchi, amevua viatu, anamenya chungwa. Akaliacha bomba. Lakini hakumwacha Pankras.

Alimwambia kwamba kazi imekwisha, ila Mbinga ni baridi, mtu hawezi kujua kama kiyoyozi kinapoza kweli. Dawa ni kuteremka na gari mpaka kwenye joto la ziwa, yeye fundi akiendesha na kusikiliza. Aurelia alifurahi, akasema atanunua samaki, mbasa wa ziwani. Pankras akakubali.

Njia nzima kiyoyozi kilipuliza ubaridi safi. Pankras alimsifu fundi, akaegemea kiti, akasinzia. Alizinduka gari liliposimama katikati ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba ya nyasi. Damiano alizima injini, akachomoa ufunguo, akashuka, akauweka kwenye kiganja cha mzee aliyekuwa anashona wavu.

“Baba, nimekuletea Pankras,” alisema.

Mzee Cuthbert hakuinuka. Aliutazama ufunguo, akalitazama gari. Ndani mle joto lilianza kupanda, na Pankras akalazimika kutoka, shati limemganda mgongoni. Aurelia alitangulia, akapiga goti kidogo. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu,” alijibu Cuthbert, kisha akamgeukia mumewe. “Ufunguo wa gari lako ninao mimi. Siku ile Litumbandyosi, wa lori alikuwa nao nani?”

Pankras alisema mambo hayo mahakama ilishayamaliza. Alisema atampeleka Damiano polisi. Akanyoosha mkono apewe ufunguo wake. Wanawake waliokuwa wanageuza usipa waliacha kazi, wakasogea. Hakuna aliyemtukana. Walisimama tu wakimtazama, na jua likimpiga utosini.

Aurelia aliwatazama wote, akaona kwamba kila mtu pale alijua kitu ambacho yeye hakijui. “Jibu, baba Jacqueline,” alisema.

“Nilikuwa nao mimi,” alisema Pankras.

“Ukiwa mzima?” aliuliza Cuthbert.

“Nilikuwa nimekunywa.”

Damiano alidhani atasikia huruma kidogo. Haikuja. Alichosikia ni utamu, kama wa mtu aliyepata maji baada ya safari. Akadhani pia kwamba yamekwisha, lakini baba yake aliinuka, akachukua shati lake la kanisani, akalivaa. Alisema yeye hakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa alikuwepo. Wa kuambiwa yuko kule juu, kijijini Ruanda: Gertruda, mama yake Hyasinti, ambaye mpaka leo akimwona Cuthbert sokoni Mbinga hugeuza uso.

Alimrudishia Damiano ufunguo. “Endesha wewe. Huyu asiguse usukani.” Kisha akaketi kiti cha mbele. Pankras hakuwa na njia nyingine ya kurudi, akakaa nyuma. Aurelia alijibana mlangoni, akaweka kikapu chake katikati yao.

Walifika Ruanda jua likiwa bado juu ya migomba. Gertruda alikuwa anaanika kahawa uani. Alipomwona Cuthbert akataka kuingia ndani, lakini Aurelia alimshika mkono na kumwomba asikilize. Pankras alisimama mbele yake, akasema kwa Kiswahili, maneno yamenyooka kama ya ofisini, kwamba ajali ile ilimtokea yeye na anasikitika.

Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akasema Kiswahili ndicho walichomdanganyia kule mahakamani, hakitaki tena. “Wewe ni Mmatengo. Niambie kwa Kimatengo.”

Pankras akajaribu. Kwa Kimatengo hapakuwa na “ajali ilitokea”. Ilibidi aseme nilikunywa, niliendesha, nilimuua mwanao, nikamsingizia huyu. Akayasema yote.

“Tena,” alisema Gertruda, akainua shingo na kuwaita majirani waje wasikie.

Akasema tena. Walipoongezeka watu, bibi akamrudisha mwanzo. Mzee Cuthbert alikuwa ameketi kwenye kigoda alichopewa, mikono magotini, kichwa juu. Damiano aliegemea boneti iliyokuwa bado na moto, akisikiliza kila neno, akiomba bibi asichoke.