Walivyolikata Jibu Langu

Akina mama wa Kut Zayir, wale watu wa televisheni wanakuja kwenu Jumamosi. Lori lao la mahema limepita hapa kwetu asubuhi, na Ustadh Liwa, msemaji wa kampuni ya mafuta, amekaa mbele na maboksi yake ya kofia. Kofia zenyewe ni nzuri, zina picha ya mtende. Zipokeeni, jua ni kali. Ila kabla hamjakaa kwenye viti vyao, nisikilizeni yaliyotukuta sisi wa Umm al-Khus.

Moto wetu mnaujua, maana hata kwenu unaonekana. Bomba liko nyuma ya shule, linachoma gesi mchana kutwa na usiku kucha, mpaka majogoo wetu hawajui tena alfajiri ni saa ngapi. Mwanangu Muntadhar ana miaka tisa na kifua chake kinapiga filimbi. Upepo ukigeukia upande wetu anainua mabega kama mtu anayepanda ngazi, kumbe amekaa tu kwenye mkeka. Daktari wa Basra aliniambia, "Mama, dawa nitakupa, lakini mtoto mwondoe kwenye moshi." Nimwondoe nimpeleke wapi? Nyumba yetu ni hii, na nyati wetu wa kukamua wako hapa. Nikasema basi moto ndio uondoke.

Na tulikaribia kweli. Ilikuja kamati kutoka Baghdad, wakasema gesi ile inaweza kukusanywa kwenye mabomba badala ya kuchomwa hewani. Ingetuwashia hata taa, na hili joto linaloongezeka mwaka hadi mwaka lingepungukiwa na kuni. Wakasema utafanyika mjadala wa televisheni hapa hapa kijijini, wao watautazama, na wenyeji wakidai bomba la kukusanyia gesi kwa vinywa vyao, litajengwa. Ukoo ukamchagua mume wangu Hattab aseme. Akawa anafanya mazoezi mbele ya nyati. Nyati anatafuna tu, Hattab ananiambia, "Hata mawaziri husikiliza hivi hivi."

Siku chache kabla ya mjadala Ustadh Liwa alikuja kwa Sheikh Mizhir, mkuu wa ukoo wetu, pamoja na watu wa kamera. Mimi na wifi yangu Nadhima tulikuwa nyuma ya ukumbi tunapakua wali wa wageni. Ukuta wa matete haufichi kitu. Tuliona vizuri Liwa alipopewa kikombe cha kahawa, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa.

Ukumbi mzima ukakitazama kikombe. Nyote mnajua maana yake: mgeni ana ombi, na hanywi mpaka apewe.

"Ana shida huyo," Nadhima akaninong'oneza.

"Si aiseme basi."

Sheikh kamera imemwelekea usoni. Akavuta joho lake likae sawa mabegani, akatoa sauti ile anayotumia kwenye harusi: "Kunywa kahawa yako, mwanangu. Ulilolijia umepewa."

Umepewa! Hata hajauliza ni nini! Mtu akinunua tikiti maji hulipiga kofi kwanza alisikie, lakini neno la ukoo mzima likatolewa bila hata swali moja, kwa sababu mbele ya kamera mtu asije akaonekana anasitasita. Na Liwa si mgeni wa mambo haya. Mama yake ni wa kabila la ng'ambo ya mto, amekulia kwenye kumbi kama ile. Alijua atampata wapi Sheikh.

Akanywa, akapangusa masharubu, ndipo akasema haja yake. Mwanamume yeyote wa ukoo huu asiutaje moto wa gesi kwenye mjadala. Daktari Wathiq, msomi wa mambo ya hali ya hewa, atazungumza kwa niaba ya wote, kwa lugha ya kitaalamu, ili kijiji kisiaibike.

Hattab alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Ina maana husemi?" nikamuuliza.

"Sheikh ameshatoa neno."

"Ametoa neno la nini? Hakujua hata anachoombwa!"

"Ndio ukarimu wenyewe huo, Mama Muntadhar."

"Ukarimu! Mtoto anakohoa mpaka macho yanamtoka, we unaniletea habari za ukarimu!"

"Unataka nifanyeje? Nikilivunja neno la Sheikh, nani atakuja kwenye msiba wangu? Nani atakaa na mimi? Nitazikwa na nyati?"

"Nyati angalau husikiliza." Nikamwekea sahani. "Hebu nieleze vizuri. Alisema nani asizungumze?"

"Mwanamume yeyote wa ukoo."

"Mwanamume."

"Ndiyo."

"Haya."

"Haya nini? We mwanamke, haya nini?"

"Haya tu. Kula, wali unapoa."

Hakuniuliza tena. Nadhani hakutaka kujua, asije naye akaulizwa.

Siku ya mjadala wakasimamisha hema lenye mashine za baridi na maji ya barafu. Watu waliokuwa wanaungua majumbani mwao walijaa mapema. Mbele kulikuwa na bango kubwa: JOTO: NANI MKWELI? Mtangazaji alikuwa kijana anayeitwa Sinan, amepakwa poda kama bibi harusi. Akasema kipindi chake ni cha haki, pande mbili, sawa kwa sawa. Upande mmoja Daktari Wathiq, kwenye kiti cha ngozi. Upande wa pili binti mtafiti wa chuo, naye hakuwepo, alikuwa kwenye simu, na simu inakatika kila anapofika kwenye neno gesi. Hizo ndizo pande zao mbili.

Daktari akatuambia dunia ina tabia ya kupata joto na kupoa tangu enzi na enzi. Akasema wataalamu bado wanabishana, haraka ya nini. Kisha akafungua karatasi ya rangi, na vijana wa kampuni wakatugawia kila mwanamke ya kwake. Ilikuwa imeandikwa: MAMA, PIMA MOSHI WAKO. Unaoka mikate mingapi kwa siku? Unawasha tanuri kwa kuni au kwa samadi? Jumlisha, uone unavyoiumiza dunia.

Wallahi nilidhani nimesoma vibaya. Nikaisoma tena. Nyuma ya hema moto wao unanguruma mpaka wamelazimika kuhamisha vipaza sauti, nami naulizwa habari za mikate!

Nadhima akashindwa kuvumilia. "Daktari," akapaza sauti, "tanuri langu linaonekana kutoka Kuwait? Maana moto wenu unaonekana!"

Hema likalipuka kwa kicheko. Nadhima mwenyewe akacheka hadi akafuta machozi kwa shela. Daktari akanywa maji.

Nikasimama. Wanaume wa ukoo wakainamisha vichwa, Sheikh Mizhir akatazama tasbihi yake. Hakuna aliyenikataza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameomba wanawake wakatazwe. Sinan akaniletea kipaza sauti, lakini hakukiachia, alikishika mwenyewe.

"Mama, kwa kifupi tu. Unataka kampuni ifungwe, vijana hawa wote wakose kazi?"

Vijana wenye kofia za mtende wakanigeukia. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa kaka yangu, mlinzi wa lango la kisima cha mafuta.

"Hapana," nikasema. "Nani kasema ifungwe? Nataka gesi ikusanywe kama kamati ilivyosema. Moto uzimwe, mwanangu apumue. Watoto wa shule nzima wanakohoa. Na huyu daktari atuambie mshahara wake unatoka wapi, maana nimemsikia Ustadh Liwa anamwita daktari wetu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Kipindi kilipoonyeshwa, majirani walijaa kwetu. Nilipika chai birika mbili. Sheikh akaonekana kwanza, na joho lake, anasema umepewa. Daktari akasema yake yote, hakupunguziwa hata kikohozi. Alipofika kwenye matanuri, akaonyeshwa Nadhima anacheka hadi machozi, kana kwamba amefurahishwa na daktari. Swali lake la Kuwait halikuwepo.

"Mungu wangu," Nadhima akasema. "Wamenifanya chizi."

Kisha nikatokea mimi. Sinan akauliza, unataka kampuni ifungwe? Nikajibu, hapana. Basi. Papo hapo akarudi daktari kwenye kiti chake cha ngozi: "Mmewasikia wenyeji wenyewe. Hawana ugomvi na nishati yao."

Hakuna aliyegusa chai. Muntadhar alikuwa miguuni pangu.

"Mama, mbona ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, mwanangu."

"Kwenye televisheni umenyamaza."

Mamia walikuwepo hemani wakanisikia, lakini kamati ya Baghdad haikuwepo hemani. Kesho yake nilimfuata Ustadh Liwa mpaka kwenye gari lake.

"Dada yangu, muda wa kipindi ulikuwa mfupi," akasema.

"Wa kupima mikate yangu ulitosha."

"Ungeleta malalamiko kwa maandishi."

"Niliyaleta kwa mdomo, mkayakata."

Akapandisha kioo.

Majibu ya kamati yalikuja: kwa kuwa wenyeji hawakudai mabadiliko, jambo litafanyiwa utafiti upya. Moto unaendelea. Na kinachonichosha zaidi ya moto ni wanaume wetu. Zamani walikuwa wanabishana moto uzimwe lini. Siku hizi wanakaa kwenye ule ukumbi wa matete, jasho linawatiririka, wanabishana kama kweli kuna joto. Binamu yake Hattab kaniambia juzi, mkate wangu mdomoni, "Lakini shemeji, matanuri nayo yana moshi, tuseme ukweli." Nikamnyang'anya mkate. Mke wa Sheikh ameacha kuoka, ananunua mikate ya dukani, anaona ameiokoa dunia. Hawa ni watu waliokuwa wanaujua moto kwa macho yao. Kipindi kimoja tu, wakafundishwa kuuliza maswali ya watu wengine.

Kwa hiyo, akina mama, mwambieni mkuu wa ukoo wenu aulize kwanza, kamera iwepo isiwepo. Mkiulizwa swali la ndiyo au hapana, msilijibu. Anzeni na lenu, moto uzimwe, na lisemeni hilo hilo kila mnapofungua mdomo, hata wakiwauliza majina yenu, ili wakikata popote walikute. Na kila mwenye simu arekodi mwanzo hadi mwisho, tuipelekee kamati rekodi nzima kama ilivyo.

Muntadhar anaondoka leo adhuhuri kwenda kwa dada yangu Samawa, ambako hakuna visima vya mafuta. Nimemfungia nguo na dawa. Anauliza atarudi lini, na Hattab ametoka nje asinisikie nikijibu. Nimemwambia, moto ukizimwa. Sikumwambia sijui utazimwa lini.

Nilitaka nimsindikize mwenyewe. Atakwenda na baba yake, kwa sababu mimi Jumamosi nakuja kwenu. Mtanikuta safu ya nyuma na shela jeusi, simu mkononi. Wakinitambua watanitoa, na Liwa atanitambua tu. Hapo nanyi zitoeni simu zenu, nyote kwa pamoja, wasijue waanze kumtoa nani.