Sikio la Kushoto la Mkunga

Kwa miaka ishirini na miwili mkunga yule aliinamia matumbo ya wajawazito, sikio la kushoto likiwa limebanwa kwenye kijipembe cha mbao, akisikiliza moyo wa mtoto. Jumanne hiyo asubuhi hakusikia kitu. Akakisogeza kijipembe chini ya kitovu, kisha ubavuni. Kimya.

"Mbona umenyamaza, mama?" mjamzito akauliza.

Akamwita nesi mwenzake. Nesi akainama, akahesabu, akatabasamu. "Mia moja arobaini na mbili. Anakimbia huyu!"

Mkunga akaingia stoo ya mashuka, akafunga mlango. Akasugua vidole karibu na sikio la kulia: vikachakarika. Kushoto havikutoa sauti, kama vidole vya mtu mwingine. Tangu Alhamisi sikio hilo lilikuwa limeziba na kuvuma. Alijiambia ni nta, akalitia mafuta ya uvuguvugu. Mganga hajigangi, lakini yeye alijaribu.

Mchana huohuo daktari wa masikio, mwanamama asiye na papara, alichungulia ndani. "Njia safi kabisa." Akagonga chuma chenye meno mawili, kikalia, akakisimika katikati ya paji la uso. "Unakisikia upande gani?"

"Kulia."

"Ingekuwa nta, ungekisikia kushoto. Hitilafu iko ndani, kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka sauti ubongoni."

"Huo mshipa umepatwa na nini?"

"Mara nyingi hatujui, nisikudanganye. Ila umekaa siku tano, hujakaa mwezi. Vidonge hivi unaanza leo, si kesho. Na utapigwa picha ya kichwa, tujue kama kuna uvimbe unaoubana."

Mkunga akainamisha macho. Ni wanawake wangapi aliowagombeza kwa kuchelewa kuja?

Nyumbani alimweleza mumewe, aliyezoea kuketi kushoto kwake mezani. Mume akauliza: "Kwa hiyo siku zote hizi hukuwa umeninunia?"

"Siku mbili nilinuna kweli."

Mume akacheka, kisha akanyanyua kiti chake, akakihamishia kulia.

Picha haikuonyesha uvimbe. Wiki ya tatu, ndani ya chumba kisichopenywa na kelele, alipimwa upya: sauti nzito zilikuwa zimerudi, nyembamba hazikurudi, na maneno yalimfikia kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. "Huenda likaishia hapo," daktari akasema. "Tutakutafutia kifaa cha kukusaidia."

Alirudi kazini. Kila mjamzito alimwambia waziwazi: "Sikio langu moja limeharibika. Nasikiliza kwa hili la kulia, kisha mwenzangu anahakikisha." Baadhi yao wakahamia foleni ya nesi. Jambo hilo lilimchoma, lakini hakuwazuia. Mmoja alibaki ameketi.

"Wakunga wangapi wangeniambia ukweli hivyo?" akasema, akapanda kitandani.