Sinia Lisilokauka

Asubuhi ya Jumatatu, katika maabara ya udongo iliyo jirani na mto Solo, mashariki ya Java, Suwarti alimimina udongo wa jaruba la mpunga la Bi Karsinah katika sinia, akapasua madonge, akawasha feni. Kanuni ni ya zamani: udongo hukaushwa, huchekechwa, kisha hutikiswa saa mbili katika dawa inayotoa zinki ile tu ambayo mizizi ingeweza kuipata.

"Misimu mitatu mpunga wangu unadumaa, majani yanaota kutu," Bi Karsinah alisema alipokabidhi mfuko. "Mara mbili mmenipa karatasi ya 'inatosha'. Inamtosha nani, mwanangu? Bila ya 'haitoshi', ushirika haunipi mbolea ya zinki."

Masinia mengine yalikauka siku ya tatu. La Bi Karsinah halikukauka. Paa halikuvuja, ila siku ya tano maji yalikuwa yamepanda vidole viwili. Siku ya nane walihamia vyura wawili, na mche wa mpunga ukachipua, majani yake yakiwa na madoa ya kahawia. Mfagizi alipandisha viatu vyake juu ya kabati, akaendelea na kazi.

Suwarti alitaka kujua. Akachota tope lile kama lilivyo, akalitikisa saa mbili, akalipima. Zinki haikufika robo ya kiwango. Akafungua daftari la miaka miwili iliyopita: ulipokaushwa, udongo huohuo ulikuwa umeiachia zinki yake tele. Walikuwa wamepima udongo ambao mpunga haujapata kuota ndani yake.

Alimpelekea matokeo mkuu wake, Bwana Hardiman.

"Tunapima udongo hapa, Suwarti, au tunafuga vyura?"

"Mpunga wake unaishi majini, Bwana Mkuu."

"Fomu inasema udongo mkavu. Nioneshe mahali pa kuandika tope."

Hapakuwapo. Bwana Hardiman akanakili jibu la mwaka uliotangulia, akagonga mhuri.

Ijumaa Bi Karsinah alikuja, akasoma karatasi, akaikunja mara nne. Kisha akaliona sinia.

"Kumbe vyura wangu wako huku," alisema. Akavua kandambili, akakunja kitenge chake, akaingia ndani ya sinia, akang'oa magugu.

Tangu hapo huja kila Ijumaa kupalilia, na Suwarti humwekea chai yenye sukari nyingi ukingoni. Karatasi ya msimu wa nne ilitoka juzi. Imeandikwa: inatosha.