Mkono wa Tatu

...hiyo hapo, mwanangu, hapo mbele ya kidole gumba, ishike basi, na mimi kwenye benchi hili mikono inaniwasha kama niliyetoka kubangua korosho, nataka kunyoosha tu mara moja, niitie kwenye kopo, yaishe... "Mwache, Mama Sabaha," Dada Dorotea ananiambia hata kabla sijanyanyuka, huyu dada wa mazoezi ana macho kisogoni, amemfunga mwanangu mkono wa kushoto kwa kipande cha khanga ili ule wa kulia, uliolegea, ulazimike kufanya kazi, korosho kumi na maganda yake, kutoka mezani kwenda koponi, basi, kazi ya mtoto wa chekechea, na Sabaha ana miaka kumi na moja, msimu uliopita alikuwa anajaza ndoo mimi nikiwa bado nainama inama, msimu uliopita... mwezi wa kumi, shambani kwetu Marambo, na aliyesema ni mimi, nani mwingine, nilisema lile bibo jekundu kule juu ya mkorosho niangushie na mimi, nilisema huku nacheka, akapanda, tawi likakatika, akatangulia kichwa, siku tisa hajafumbua macho, na alipofumbua upande wote wa kulia ulikuwa umelala. "Jaribu tena, Sabaha, taratibu." Taratibu, miezi mitatu sasa tunakuja hapa hospitali Nachingwea, taratibu, korosho inaviringika, inadondoka sakafuni, na mtoto haitazami, ananitazama mimi. "Mama, okota." Unanitazamia nini, tazama korosho, usinitazame mimi mbele ya huyu dada... kashaona, ameona, anafungua daftari lake. "Nyumbani mnamfunga kila mlo, Mama? Anakula mwenyewe kwa kulia?" Swali lile lile la kila Jumanne, na kila Jumanne nasema ndiyo, anajitahidi, linatoka laini kama mlenda, ndiyo dada, anajitahidi, naye anaandika, wakati kile kitambaa alichotupa cha kumfungia kinaning'inia kwenye msumari jikoni tangu siku ya kwanza, kwa sababu mama mkwe alisema, "Mjukuu wangu hali kwa kushoto kama asiye na wazee, na kwa kulia anamwaga, kwani wewe huna mikono?" Ninayo, mama, ninayo, basi namega ugali, nachovya kwenye kisamvu, naweka mdomoni, na Sabaha anafungua mdomo kabla mkono wangu haujafika, na Mungu anisamehe, ninapenda, ile saa ya kumlisha ndiyo saa pekee ambayo si mimi niliyempandisha mtini. Huyu Dorotea atajua nini, hajazaa, angekuja yeye aone tonge linavyodondoka kwenye mkeka na bibi mtu anavyoguna... "Maana kama amefanya kila siku, miezi mitatu, na mkono uko pale pale," anasema polepole, haniangalii, "labda ndio umefika mwisho wake, Mama. Itabidi tuuache, nimfundishe maisha ya mkono mmoja." Tuuache? Nani auache, subiri, umefika mwisho wapi, haujaondoka hata nyumbani huo mkono, umekaa tu kwenye paja lake akilishwa na mimi, mimi ndiye mkono wake wa kulia, nimekuwa mkono wake wa tatu na huu wake nimeukalisha, na sasa kalamu imegusa karatasi, ataandika umeshindwa, uongo wangu utaandikwa kwa jina la Sabaha, na mtoto atauamini, atakua akiuamini, kwanza nikampandisha na sasa... "Mama, okota," anasema tena, mdomo umebaki wazi kidogo, ule mdomo wa kungoja tonge, mimi ndiye niliyemfundisha, ee Mungu wangu, na nitamwambiaje mama mkwe, atasema nimemdhalilisha mjukuu wake, aseme, atie chumvi, aende hadi kwa shehe, tonge lidondoke mara mia, nitafagia. "Dada Dorotea," nasema, "usiandike kwanza. Hajawahi kufungwa. Namlisha mimi." Kalamu inasimama, naona aibu hadi masikioni, na korosho bado iko sakafuni, na Sabaha bado ananitazama, nami nimeikalia mikono yangu yote miwili.