Wachimbaji Saba Katika Somo la Tanzia

Jumanne, kipindi cha tatu, Mwalimu Evanthia aliandika neno "korasi" ubaoni, akawageukia wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Shule hiyo ya kisiwa cha Thasos, Ugiriki, iko chini kidogo ya machimbo ya marumaru, na dawati lisilofutwa kwa siku mbili huwa jeupe kwa vumbi.

"Korasi ni watu wa kawaida," alisema. "Wanaona kila kitu, wanasema, lakini hawawezi kuzuia chochote."

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wachimbaji saba waliokufa kwa kufukiwa na jabali mwaka juzi, mwezi wa Machi, kila mmoja na kofia yake ngumu mkononi. Mwalimu akawaomba wafunge mlango, upepo ulikuwa unapeperusha karatasi. Wakaenda kukaa nyuma.

"Baba, kofia hiyo usiniwekee juu ya daftari," alisema Argyro, aliyekuwa kwenye dawati la nyuma.

Stamatis, baba yake, akaiweka sakafuni.

Somo likafika kwenye hamartia. "Kanisani maana yake ni dhambi," mwalimu alieleza. "Kwenye tanzia ni kukosea shabaha. Shujaa anaamua jambo bila kujua ukweli wote, na uamuzi huo ndio unaomwangusha."

Stamatis akanyoosha mkono. "Ripoti inasema jabali liliporomoka kwa kosa langu mimi mkataji. Nilikosea wapi hasa, mwalimu?"

"Ulijua kuna ufa?"

"Nilijua. Asubuhi ile nilimwonyesha msimamizi. Akaniambia, 'We Stamatis, umekuja kukata mawe au kuyatibu? Kata!'"

"Basi hiyo si hamartia. Hukuamua wewe."

Leandros, mwana wa msimamizi, alikuwa amekaa dirishani. "Nyumbani baba alituambia hakuonyeshwa kitu," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Lakini siku ile hakugusa chakula."

"Huo unaitwa utambuzi," alisema mwalimu, akaandika. "Mtu anatoka kwenye kutojua, anaingia kwenye kujua."

Wote wakanakili.

Alhamisi Argyro alimpeleka baba yake kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi. Karani akampa Stamatis kiti na fomu. "Maelezo ya marehemu tunapokea, mzee, ila awepo shahidi aliye hai."

Argyro akamwendea Leandros kumwomba awe shahidi.

"Mimi bado naishi na baba, Argyro," alijibu. "Nakula kwake."

Fomu ikapelekwa bila shahidi, ikagongwa muhuri. Baada ya wiki tatu jibu likaja: faili limefungwa, kosa ni la mkataji. Msimamizi alikuwa ameshahamishiwa chimbo jipya, kubwa zaidi. Argyro aliisoma barua mara mbili, akampa baba yake. Stamatis akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na miwani yake.

Kipindi cha mwisho kabla ya mitihani kilikuwa cha utakaso.

"Watazamaji wanaona huruma na hofu," alisema Mwalimu Evanthia. "Mwishoni mioyo inakuwa myepesi, wanakwenda nyumbani."

"Watazamaji ndio wanaokwenda nyumbani?" aliuliza Stamatis.

"Ndiyo."

"Na sisi?"

Mwalimu akafunua maandalio yake, ukurasa huu na ule. Kengele ikalia. Wanafunzi walifungasha vitabu, Argyro akambusu baba yake kwenye paji la uso, akatoka akijifuta vumbi mdomoni.

Wachimbaji wako pale mpaka leo. Mfagizi huwaomba wainue miguu, nao huinua.