Kahawa ya Ndyamukama

Mwaka 1953, msimu wa kuvuna kahawa, daktari wa magonjwa ya akili alifika Kaisho kumpima Kemigisha, mjane asiye na mtoto. Aliyemwita ni Kashaija, mdogo wa marehemu mumewe, Ndyamukama, akisema shemeji yake anazungumza na maiti. Kwamba alikitaka kibanja cha kaka yake, migomba na mibuni yote, hakusema. Kikulacho ki nguoni mwako, na kijiji kizima kilijua.

Kemigisha aliwakaribisha daktari na mkalimani wake, Cassian, akawatolea kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, kama apewavyo mgeni yeyote. Daktari akatafuna polepole, akauliza kama anasikia sauti. Kemigisha alijibu kwamba anasikia moja tu, ya mumewe, tena mpaka aje. Huja jioni, ng'ombe wakisharudi.

Basi wakangoja. Ng'ombe waliporudi, Ndyamukama aliinama mlangoni, akasalimu, akaketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Mabegani alikuwa na udongo wa kaburini. Kemigisha alimpangusa kwanza, kisha akamsogezea kikapu.

Daktari alikuwa muungwana, akamhoji na yeye. Je, mkewe analala? Anakula?

"Haumwi," alisema Ndyamukama. "Ana ukiwa tu. Ningekuwa hai asingekuwa nao."

Daktari alifikiri sana. Huenda ni skizofrenia, huenda ni msiba. Maneno ya mume yalikuwa mazuri, ila mume mwenyewe ndiye dalili, na dalili haitoi ushahidi.

"Mama, sina hakika," alisema kupitia kwa Cassian. "Nitakuchukua, tukuangalie mpaka nipate hakika."

"Na ukiikosa?"

Daktari alijibu kwamba wataendelea kumwangalia.

Asubuhi, kabla ya kupanda gari, Kemigisha alimkabidhi Kashaija kikapu. Alikuwa analia.

"Shemeji, nakuomba, kaka yako asikae mdomo mtupu."

Kashaija aliahidi, na ahadi ameitimiza. Amehamia kwenye nyumba ya kaka yake, na kila jioni humpa kahawa wakaongea habari za mibuni. Majirani wakipita huwasalimu wote wawili. Hakuna anayemwita daktari.

Kabla ya kuondoka, Ndyamukama huuliza kama mkewe amerudi.

"Bado," Kashaija humjibu. "Daktari hajapata hakika."

Basi marehemu huinuka, akaenda zake, udongo ukiwa bado mabegani.